Bagi ya kuunda nyumbani: niagize seti ya nje au nichomelee hapa hapa?

Muulizaji, Moshi
Habari zenu wakuu. Ninayo Toyota Starlet ambayo bodi yake imeliwa na kutu, lakini injini yake ya 4E-FE na gia boksi bado ni nzima. Nimekusudia kuunda bagi (gari jepesi la wazi la kupita mchangani) ya kutembelea shambani Kahe, ambako wakati wa kiangazi njia hujaa mchanga na vumbi. Je, niagize seti ya bodi ya faiba kutoka Marekani, au nimpe mchomeleaji wa hapa mjini kazi ya chesisi?

Fundi, Unga Limited, Arusha
Mkuu, seti hiyo iache. Tangu Bruce Meyers alipotengeneza Meyers Manx ya kwanza huko California mwaka 1964, bodi nyingi za aina hiyo zimepimwa kwa vipuri vya Volkswagen Beetle, na zilizoenea zaidi hukalia sakafu ya Beetle iliyofupishwa kwa takriban sentimita 36. Utalipia meli na ushuru wa kitu kisichooana na ulicho nacho.

Cha kuiga kwenye bagi hizo ni injini kukaa nyuma, kwa kuwa uzito ukikaa juu ya magurudumu yanayosukuma, gari halikwami upesi mchangani. Starlet huvutwa na magurudumu ya mbele, hivyo ng'oa injini, gia boksi na draivshafti pamoja na shokapu zake, uzihamishie nyuma zikielekea upande uleule. Ukizigeuza utabaki na gia moja ya kwenda mbele na nyingine zote za kurudi nyuma, na wapo waliogundua hivyo baada ya kuchomelea. Tairodi za hapo (vyuma vinavyogeuza magurudumu) zifungwe imara kwenye chesisi ili magurudumu ya nyuma yasigeuke, kisha utafute habu nyingine za mbele kwa ajili ya stelingi. Kumbuka pia kwamba breki ya mkono ya Starlet inabaki kwenye ekseli ya nyuma uliyoitupa, hivyo itakubidi ubuni nyingine.

Kwa chesisi, bomba la maji lenye zinki usilikubali, hata ukiambiwa ndilo la mageti yote ya mjini: moshi wake humdhuru mchomeleaji, na halikutengenezwa kulinda kichwa cha mtu gari linapopinduka.

Mchangiaji, Usa River
Kuhusu seti naafiki. Hata hivyo, mimi ningetafuta kirikuu (pikapu ndogo ya Suzuki Carry), kwani tayari inasukuma kwa magurudumu ya nyuma na ina breki ya mkono mahali pake.

Fundi, Unga Limited, Arusha
Ni kweli, ila yeye Starlet anayo tayari, na kirikuu nzima haiuzwi bei ya chuma chakavu.

Muulizaji, Moshi
Nimeelewa, fundi. Je, naweza kuiendesha hadi mjini?

Fundi, Unga Limited, Arusha
Kadi yako inaeleza Starlet, si bagi. Iishie shambani hadi utakapoulizia TRA (Mamlaka ya Mapato), na uliza kabla ya kukata bodi yenye namba ya chesisi. Mdomo wa kuvutia hewa uweke juu, nyuma ya kichwa chako, kwa sababu vumbi la Kahe litaimaliza injini kabla ya mchanga.