Naomba ushauri: mzee wangu anasema maandamano yetu ya Kenya ya 2024 hayakuleta kitu. Nimjibu nini?

Mkaaji_Umoja
Wadau, hamjambo. Huu ni uzi wangu wa kwanza humu, mnivumilie kama nimekosea jukwaa.

Mimi na mzee wangu hatusemezani tangu Krismasi. Tulikuwa ushago, watu wameshiba, siasa ikaanza. Mzee ni wa kizazi cha Saba Saba, maandamano ya tarehe 7 Julai. Mwaka wa 1990 alikuwa uwanja wa Kamukunji, Nairobi, alimsikia Matiba akihutubia kwa masikio yake mwenyewe, yule mwanasiasa aliyedai vyama vingi, akala rungu, na hakupita mwaka na nusu Kifungu 2A cha chama kimoja kikafutwa, vyama vingi vikarudi. Akaniuliza mbele ya wajomba zangu: "Sisi tulileta vyama vingi. Nyinyi watu wa simu mlileta nini?" Nikamwambia tuliangusha Mswada wa Fedha na kodi zake. Akacheka hadi akakohoa. Akasema mswada ulifukuzwa Juni kwa mlango wa mbele na ukaingia Desemba kwa mlango wa nyuma.

Mimi nilikuwa mjini tarehe 20 na 25 Juni. Niliona mtu akianguka Kimathi Street. Kuambiwa hatukuleta kitu kumenikaa vibaya, usingizi sina. Naomba hoja za kumjibu. Maandamano ya siku hizi yanafaulu kuliko ya zamani, au mzee yuko sawa?

Mlipakodi_Sugu
Kazi rahisi. Tarehe 25 Juni 2024 wabunge 195 walisema ndiyo, 106 wakasema la. Kesho yake Rais Ruto akatangaza hatatia sahihi. Tarehe 11 Julai akafuta baraza la mawaziri, akasalia na naibu rais na Mkuu wa Mawaziri Mudavadi tu. Kesho yake Inspekta Jenerali wa Polisi akajiuzulu. Hata mwezi haukuisha. Wao walianza Julai 1990 wakangoja hadi Desemba 1991. Mwambie hivyo, uzi ufungwe.

Makanga_Mstaafu
Uzi haufungwi. Baadhi ya hao mawaziri walirudishwa kabla viti havijapoa, na nafasi zilizobaki wakapewa Mbadi, Joho, Wandayi na Oparanya, watu wa upinzani. Kwa hiyo mlipiga kelele, wakabadilishana viti.

Mimi 1990 nilikuwa makanga njia ya Eastleigh. Nyinyi hamjui maana ya kuogopa vidole. KANU, chama tawala, saluti yao ilikuwa kidole kimoja. Ukinyoosha viwili dirishani umeitisha vyama vingi, na askari wa kona inayofuata ameshakuona. Jumamosi ile ya Saba Saba tulipiga honi kutoka Pumwani hadi mjini, abiria wote vidole viwili nje, hata mama mmoja mwenye kuku. Kioo cha nyuma kilivunjwa, mwenye gari akanikata mshahara. Mpaka leo namdai.

Wakili_Bila_Mteja
Tuwe wakweli kidogo. Saba Saba ilizimwa. Watu zaidi ya 20 waliuawa, zaidi ya 1,000 wakakamatwa, na Rais Moi hakutikisika. Kilichomtikisa ni Novemba 1991, wafadhili walipokutana Paris wakasimamisha misaada mipya. Mapema Desemba, KANU ikakutana Kasarani, kifungu kikaenda. Halafu 1992 upinzani ukagawanyika, Moi akashinda kwa kura kama 36 katika kila 100. Mzee asijipe sifa zote.

Lakini kijana naye asishangilie. Erica Chenoweth, mtafiti wa Harvard, amehesabu harakati za umma zisizotumia silaha duniani kote. Miaka ya 1990 zaidi ya nusu zilifaulu. Tangu 2010 ni chini ya 34 kwa 100, na hii ni wakati harakati zenyewe zimekuwa nyingi kuliko zamani. Simu inajaza barabara kwa siku mbili, kazi iliyokuwa inachukua miezi ya mikutano ya siri. Ile miezi ndiyo iliyokuwa inawafundisha watu kuaminiana. Tazama Sudan: walimwangusha Rais Bashir Aprili 2019, Oktoba 2021 jeshi likapindua, Aprili 2023 vita.

Makanga_Mstaafu
Wafadhili wangekutana Paris kuzungumza nini kama sisi hatungepigwa hapa? Ama waliota?

Shangazi_wa_Makupa
Nyote mmewasahau kina mama, kama kawaida. Tarehe 28 Februari 1992 waliketi Uhuru Park, wazee tu, wakitaka wafungwa wa kisiasa 52 waachiliwe. Tarehe 3 Machi polisi wakawavamia, Wangari Maathai akapigwa hadi akazirai, na wale wazee wakavua nguo mbele ya askari. Wakahamia kanisa la All Saints wakakaa karibu mwaka mzima. Walitaka watoto wao, na karibu wote walitoka. Hawakudai kubadilisha nchi, walitaja majina. Ukiniuliza mimi, hao ndio walioshinda kuliko Matiba na kuliko nyinyi wa TikTok. Mama mkwe wangu, Mungu amrehemu, alikuwa akiwapelekea chai na mahamri kila alipokwenda Nairobi kwa biashara yake ya leso. Alipakia chupa mbili, moja ya kina mama, moja ya askari, maana alisema askari naye ana njaa. Hiyo hadithi ndefu, nitawapa siku nyingine.

Sasa wewe Mkaaji. Baba na mwana hawaachi kusemezana kwa ajili ya Kifungu 2A. Kuna jambo hujalitoa.

Mkaaji_Umoja
Shikamoo Shangazi. Hakuna jambo kubwa. Kulikuwa na maneno ya kazi pia, lakini hayahusiani na mada.

Kichwa_Ngumu
"Maneno ya kazi pia." Wadau, sogezeni viti. Kazi gani?

Mkaaji_Umoja
Nimepata kazi. Nimemaliza chuo tangu 2022, nimesota. Ni mawasiliano na vijana. Kuandika, picha, kuendesha kurasa za mitandaoni. Mzee ndiye hakufurahia.

Kichwa_Ngumu
Kurasa za nani?

Mkaaji_Umoja
Ofisi ya mbunge. Sitamtaja.

Wakili_Bila_Mteja
Jina hatulihitaji. Tarehe 25 Juni alipiga kura gani?

Mkaaji_Umoja
Ndiyo.

Kabla hamjanirukia nisikilizeni. Namba za wabunge zilipotolewa tuwasalimie kwa jumbe, yake niliipata na nikamsalimia. Siku niliyoitwa ofisini, msaidizi wake alinikabidhi simu ile ya zamani, akasema kazi ya kwanza ni kuisafisha, ina jumbe ambazo hakuna aliyewahi kuzifungua. Nikaandika namba yangu kwenye sehemu ya kutafuta. Ujumbe wangu uko pale: "Mheshimiwa salamu kutoka Umoja, kodi ya mkate haipiti na wewe 2027 hupiti." Haujafunguliwa. Niliketi pale nimeishika ile simu, sijui nicheke au nitoke.

Nimewaza sana. Nikikataa, atachukua mtu ambaye hakuwahi hata kusimama barabarani. Na nani alisema ukiandamana lazima ubaki na njaa? Raila alikamatwa Julai ileile ya 1990, na 2001 alikuwa waziri wa kawi wa Moi, na mzee alimpigia kura hadi mwisho. Kwake hiyo ni siasa, kwangu ni usaliti. Isitoshe nimeshatia sahihi, nimeshalipa kodi ya nyumba kwa malipo ya awali. Naomba tu mnisaidie hoja.

Dada_Kayole
Kwa hiyo hukuja kuuliza kama maandamano yalifaulu. Umekuja tukuambie yameisha, uingie kazini kwa amani.

Mimi kakangu ana risasi kwenye goti. Bili ya hospitali ililipwa na watu wasiotujua, mmoja alituma shilingi 50 kwa M-Pesa akaandika "pole, ndizo nilizo nazo." Hiyo ndiyo niliyoiona ikifaulu. Sijui kama 1990 mlikuwa na hiyo.

Makanga_Mstaafu
Tulikuwa nayo, bila M-Pesa. Lakini pole sana kwa kakako.

Mkulima_wa_Mbozi
Wakuu, salamu kutoka Tanzania. Nawasoma tu, ila hili la maandamano nina historia yake kidogo.

Oktoba 1966 wanafunzi wa chuo kikuu Dar waliandamana hadi Ikulu kupinga masharti ya Jeshi la Kujenga Taifa, maana wangelipwa asilimia 40 tu ya mshahara kwa muda wa utumishi. Bango moja likasema afadhali enzi za ukoloni. Mwalimu Nyerere akawasikiliza, akapandwa na hasira, akasema mishahara kweli ni mikubwa, akaanza na wake, akaukata asilimia 20. Kisha karibu 400 wakarudishwa makwao. Baba yangu mdogo alikuwemo. Alilima mahindi msimu mzima akijieleza kwa babu. Wengi walirudi chuoni mwaka uliofuata na baadhi yao wakaja kuwa wakubwa serikalini, kwa hiyo kijana wewe si wa kwanza. Watu walidai mshahara usikatwe, ukakatwa hadi wa rais. Hayo mafanikio mtayahesabu vipi?

Mkiniuliza kuhusu Oktoba 2025 huku kwetu, intaneti ilizimwa, sikuona kitu. Nina familia.

Mlipakodi_Sugu
Mkuu umejibu kwa kutojibu. Heshima.

Kichwa_Ngumu
Mnaendelea kulia na mimi nimekaa nimesoma tena bandiko la kwanza. Eti mzee "alimsikia Matiba akihutubia" Kamukunji. Matiba na mwenzake Rubia walikamatwa tarehe 4 Julai 1990. Saba Saba ni tarehe 7. Mkutano wenyewe ulipigwa marufuku. Mzee alimsikia nani, mzimu?

Ongezeni na haya. Akaunti mpya. Uzi wa kwanza. Ujumbe wake kati ya maelfu ndio unaokaa pale ukimngoja kama kwenye sinema. Kazi yake ni kuendesha kurasa za mbunge, na uchaguzi ni Agosti 2027. Wadau, hii ni chai, hadithi ya kutunga. Hatumshauri mtu hapa, tunafanyiwa mazoezi. Wanataka kujua hasira zetu zimefika wapi.

Mlipakodi_Sugu
Duh. Na mimi nimempa tarehe zote bure.

Makanga_Mstaafu
La Matiba lisimfunge mtu. Ukiwasikiliza wazee wa rika langu kwenye baa, Nairobi nzima ilikuwa Kamukunji siku ile, hata waliokuwa Kisumu. Mimi mwenyewe nilikuwa kwenye gari, kiwanja sikukikanyaga, na shemeji zangu wanajua nilikikanyaga. Mzee kuongeza chumvi si ushahidi kwamba mtoto hayupo.

Wakili_Bila_Mteja
Si ushahidi kwamba yupo pia. Ila swali linabaki hata kama mleta mada ni mtu wa kutunga. Kizazi cha 1990 kilikuwa na viongozi, ndiyo maana serikali ilijua wa kuweka kizuizini. Cha 2024 hakikuwa na kiongozi, na tukasifu hilo. Ikatokea nini? Badala ya kizuizini ukaja utekaji. Kufikia Desemba 2024 Tume ya Taifa ya Haki za Binadamu ilikuwa imehesabu visa 82. Na asiye na kiongozi hana wa kumkatalia kazi kwa niaba yake, kila mmoja ananunuliwa peke yake, kwa bei yake. Huyu kijana, wa kweli au wa uongo, ndiyo sura yenyewe.

Dada_Kayole
Wakili, umeongea kama goti la kakangu ni mfano wa darasani. Kiongozi angesimamisha risasi?

Wakili_Bila_Mteja
Hapana. Samahani dada.

Mkaaji_Umoja
Nimesoma yote. Kichwa Ngumu, mimi si roboti na sijatumwa. Nilimpigia mama. Anasema Matiba mzee alimsikia Mei 1992, aliporudi kutoka matibabu London, mji wote ulimwagika barabarani. Siku ya Saba Saba alifika Kamukunji wakati watu wanakimbia, akageuka akakimbia nao. Rungu ni la kweli, alama iko begani. Zimechanganyika tu kichwani mwake.

Na simu nilitafuta kwa namba yangu, nimeshasema. Hata wewe ungetafuta ya kwako.

Kichwa_Ngumu
Sawa, mzee tumemsamehe. Kazi umeiacha?

Mkaaji_Umoja
Nimeripoti kazini. Watu wa kule wanasema nianze na video ya mheshimiwa akigawa basari.

Shangazi_wa_Makupa
Umempigia mama. Baba je?

Mlipakodi_Sugu
Mimi sina neno. Ila mswada wa fedha unakuja kila mwaka. Tuambie atapiga kura gani kabla hajapiga, halafu tutaamini uko ndani kwa ajili yetu.

Mkaaji_Umoja
Hiyo siwezi kuahidi. Nimetia sahihi karatasi ya siri za ofisi.

Kichwa_Ngumu
Haya.

Makanga_Mstaafu
Wakili, bado hujanijibu kuhusu Paris. Na kuna mtu humu anajua mwenye matatu akifa deni la mshahara linarithiwa na nani?