MREJESHO: Bwawa la sato uani

Wakuu, niliuliza kama kufuga samaki uani kwa kujifurahisha tu kutanitia hasara. Nimeshavua mara ya kwanza, naleta majibu.

Bwawa ni la turubai, mita 4 kwa 6, sato 100, madume watupu kama mlivyoshauri, wasije wakazaliana wakadumaa. Kuchimba na turubai unalipa mara moja unasahau. Chakula ndicho kinachomaliza mfuko. Nimeotesha azola, mmea mdogo unaoelea majini ambao sato wanaula, kwenye beseni, inapunguza gharama kidogo. Pumba peke yake msidanganyane. Alfajiri wakipanda juu wakihema midomo wazi, ujue hewa imepungua majini, naingiza maji mapya haraka. Mdiria, ndege mla samaki, naye alijifanya mbia, nimetandaza wavu.

Kwa hesabu ya pesa, sato wa sokoni ni nafuu kuliko wangu. Lakini maji ya bwawa yamestawisha mchicha bila mbolea ya dukani, na jioni nikigonga ndoo wanakuja mbio wote. Mama watoto aliyeliita "kaburi la hela" sasa ndiye anayewalisha. Wa robo kilo tumeshawakaanga.

Aliyependekeza niongeze kambale: siwachanganyi, watawamaliza sato wadogo.