Acheni kuwachagulia watu Linux kwa uzuri wa picha!

Wakuu, hili nalisema bila kupepesa macho.

Mgeni akiuliza humu jukwaani aanze na Linux gani, yaani mfumo wa kuendeshea kompyuta badala ya Windows, hutokea walewale na picha za vioo vyao: menyu zinang'aa, aikoni zimepangwa chini kama Mac. Anaambiwa aweke distro (aina ya Linux) kama Arch, au Kali. Kali! Watengenezaji wake wenyewe wameandika kwenye nyaraka zao kwamba haimfai mtu asiyeijua Linux. Ni ya wapima usalama wa mifumo. Mtu anataka kuandika barua na kutazama video, mnampa Kali kwa sababu ya picha ya joka?

Na uzuri huo hautokani na distro. Unatokana na desktopu, yaani sehemu ya mfumo inayoonyesha madirisha na menyu: GNOME, KDE Plasma, Cinnamon, Xfce. Plasma ileile inakaa juu ya distro za Debian, Fedora au Arch na inapambika vilevile. Hata Kali yenyewe huja na Xfce, ambayo watu wa distro ya Mint pia wanayo.

Kinachoniudhi zaidi ni kuficha gharama ya mapambo. GNOME hutoa toleo jipya kila miezi sita. Lilipotoka la 45, Septemba 2023, ekstensheni zote za zamani (programu ndogo za kuiongezea GNOME mambo) ziligoma mpaka waandishi wake wazirekebishe. Machi 2024 mtu aliweka themu (pambo la mwonekano) ya Plasma kutoka kwenye duka la KDE, watengenezaji wa Plasma, ikamfutia mafaili yake. KDE wakalazimika kutoa onyo, maana themu za aina ile huendesha amri ndani ya mashine yako. Nani kati yenu amewahi kumwambia mgeni hilo?

Tangu Windows 10 iachwe na Microsoft, Oktoba 14, 2025, wanakuja watu wenye laptopu za mtumba, RAM GB 4, Windows 11 imezikataa. Kijana anamaliza bando kupakua mlichomwambia, kioo kinabaki cheusi, anarudi kuuliza, mmenyamaza. Anaondoka akiamini Linux ni mbovu, anakwenda kupigiwa Windows ya wizi. Inauma sana.

Muulizeni kwanza RAM na kazi anayofanya. Kama ni GB 4, mpeni Mint ya Xfce, aijaribu kwenye flashi kabla ya kugusa diski. Rangi na aikoni atabadilisha kwenye mipangilio bila kupakua kitu.

Na aliyemshauri mgeni aweke Arch ajitokeze hapa chini, amsaidie mpaka iwake.