Kitufe cha F2 kinanikatia Wi-Fi

Muulizaji, Ngamiani, Tanga:
Ndugu zangu, kwenye kompyuta mpakato yangu kitufe cha kuzima Wi-Fi ndicho hicho hicho F2 ninachotumia kutwa nzima kubadili majina ya mafaili. Jana, nilipokuwa nikipakia fomu ya mteja dukani, kidole kilikigusa, kitaa cha rangi ya chungwa kikawaka, na kazi ikakatika ikiwa imebaki kidogo tu kukamilika. Je, kinaweza kuondolewa kazi hiyo?

Jibu, Chumbageni:
Pole sana, ndugu. Bonyeza vitufe vya Fn na Esc kwa pamoja, kwani katika kompyuta nyingi hatua hiyo hurudisha F2 kwenye kazi yake ya kawaida. Ikishindikana, ingia BIOS (ukurasa wa mipangilio ya msingi ya kompyuta) mashine inapowaka, utafute mpangilio wa vitufe vya F1 hadi F12.

Muulizaji:
Ahsante. Fn na Esc hazikubadili kitu, ila BIOS imenisaidia.

Jibu, Raskazone:
Kwa wanaotumia mfumo endeshi wa Linux, Wi-Fi ikigoma kurudi, amri ya rfkill unblock wifi huifungua, isipokuwa pale ilipozimwa kwa swichi ya ubavuni, ambayo ni lazima isogezwe kwa mkono. Kwa maoni yangu, bonyezo moja halipaswi kukata mawasiliano bila kompyuta kuuliza kwanza.