Binti yangu wa mwaka wa kwanza anataka kuhama chuo. Nimsaidie vipi?

Fundi_Shabab (Nakuru)

Hamjambo ndugu zangu. Mimi ni fundi wa kuchomelea vyuma hapa Nakuru, mtaa wa Shabab. Kifungua mimba wangu aliripoti chuo kikuu kimoja huko Pwani wiki sita zilizopita. Kwetu hakuna aliyewahi kufika chuo kikuu kabla yake. Alipata B- kwenye KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari, na KUCCPS, wale wanaogawa nafasi za vyuo, wakampa digrii ya Takwimu, kozi aliyoijaza chini kabisa ili tu nafasi isibaki wazi. Za juu zote zilikuwa ualimu wa Kiswahili na Historia.

Mimi hilo sikulitilia maanani. Barua ya kuitwa ilipotoka niliichapisha nakala mbili, moja nikaibandika ukutani karakana. Kanisa lilichanga, ndugu zangu wa Vihiga wakatuma walichokuwa nacho. Mama anayeuza mboga karibu na karakana yangu alifungua fundo la leso akanipa shilingi mia mbili, akaniambia, "Hii ni ya nauli ya msichana wetu." Siku ya safari tulimsindikiza stejini watu kumi na wanne.

Jumapili iliyopita akanipigia simu. Anataka kuhama aende Chuo Kikuu cha Maseno akasomee ualimu. Hata hakumaliza, nikamkata kauli. Nikamwambia avumilie, ugeni humlemea kila mtu mwanzoni. Akanyamaza kidogo, akasema, "Sawa, baba," simu ikakatika. Hiyo "sawa, baba" haijanitoka masikioni.

Juzi akawa anaongea na mama yake kwa video. Nyuma yake nikaona sanduku la bati nililomtengenezea mwenyewe alipoingia kidato cha kwanza. Kamba niliyoifunga siku ya safari bado iko, na fundo ni lile langu. Wiki sita mtoto anatoa nguo kwenye mkoba, sanduku hajalifungua.

Naomba ushauri. Kuhama kunawezekana kweli? Pesa za HELB, bodi ya mikopo ya wanafunzi, zitakuwaje? Na wale waliochanga nitawaambia nini?

Mkulima_Kitale

Pole, mzee mwenzangu. Mimi naona amalize mwaka kwanza. Wangu alililia kurudi nyumbani muhula mzima wa kwanza, wa pili ukaja akawa hata likizo hataki kuja. Mtoto akihama kwa sababu ya upweke, atakakokwenda atakutana na upweke uleule. Ila hilo la sanduku limenigusa, siwezi kusema uongo.

MamaPacha_Kisumu

Baba, mimi nitakwambia yangu, na sijawahi kuyaandika mahali. Kijana wangu alianza hivyohivyo. Kila akipiga simu namwambia vumilia, mwanangu, vumilia. Mwisho akaacha kulalamika, nami nikamshukuru Mungu kwamba amezoea. Kumbe aliacha kuingia darasani muhula wa pili wa mwaka wa kwanza. Mwaka mzima na nusu nilikuwa natuma kodi ya nyumba na pesa za chakula, naye anauza makava ya simu mjini. Nilijua siku mpwa wangu aliyekuwa chuo hicho aliponiuliza kwa nini jina lake halimo kwenye orodha ya mtihani.

Tulilia sote wawili sakafuni. Aliniambia, "Mama, nilikwambia mara nne." Nikahesabu, ni kweli, mara nne.

Binti yako amekwambia mara moja. Mpigie leo, usingoje Jumapili. Na usimpigie kumshauri. Muulize siku yake inaanza vipi asubuhi na inaishaje, kisha unyamaze, umwache aseme.

Udahili_Magharibi

Nafanya kazi ofisi ya udahili, chuo nitakiacha bila jina. Mzee, kwa swali lako la kwanza, ndiyo, kunawezekana, lakini kuna utaratibu wake na muda wake ni mfupi.

Kubadilisha kozi ndani ya chuo alichomo ni kazi ya chuo chenyewe. Anachukua fomu kwa msajili wa masuala ya kitaaluma, na kwa kawaida hilo hufanyika wiki za kwanza za muhula. Kuhamia chuo kingine kunapitia tovuti ya KUCCPS, kwa akaunti yake mwenyewe, dirisha la kuhama likishatangazwa. Hufunguliwa baada ya wanafunzi wapya kuripoti, na halikai wazi siku nyingi, kwa hiyo afuatilie matangazo yao kila siku. Asimpe mtu wa saiba neno lake la siri.

Kinachoangaliwa kwanza ni pointi za klasta. Kila kozi ina masomo yake manne yanayohesabiwa, na pointi za juu kabisa ni 48. Zake kwa kozi ya ualimu pale Maseno ziwe zimefikia za yule wa mwisho aliyeingia kozi hiyo mwaka wake. Zikipungukiwa hata kidogo, ombi halisogei. Zikitosha, lazima nafasi iwepo, chuo anachokwenda kikubali, na anachotoka kimwachilie. Akiingia kwenye akaunti yake ataona pointi zake kozi kwa kozi, hiyo ni kazi ya dakika tano. Aanze na hilo kabla ninyi wazazi hamjagombana bure.

Pesa sasa. Mfumo ulioanza 2023 una sehemu tatu: ufadhili wa serikali, mkopo wa HELB na mchango wa familia. Mchango wenu unategemea kundi mlilowekwa kati ya yale matano ya uwezo wa familia, na gharama ya kozi yenyewe. Kozi ikibadilika, kiasi chenu nacho kinaweza kubadilika, kwa hiyo ulizeni mapema. Karo inalipwa moja kwa moja chuoni, kwa hiyo kilicholipwa kwa muhula anaousoma hakimfuati. Akihama, HELB wajulishwe, la sivyo pesa za muhula ujao zitamtafuta kule Pwani.

La mwisho, nalisema kwa sababu kila mwaka naona watoto wakiumia. Asiache kuhudhuria darasa wakati anasubiri jibu. Ombi likikataliwa, ile nafasi ya Takwimu ndiyo atakayobaki nayo. Na akizidiwa kabisa, aombe kuahirisha masomo kwa barua, apate jibu la maandishi mkononi. Kuondoka kimyakimya ndiko kunakoharibu.

MwalimuMstaafu_Kakamega

Mzee wa Shabab, nimefundisha Kiswahili miaka 31, naomba niongeze jambo moja ambalo wengi hulijua wakiwa wamechelewa. TSC, tume ya walimu, wanaposajili mwalimu wa sekondari wanataka C+ ya jumla, na pia C+ katika kila somo kati ya yale mawili atakayofundisha. Binti ana nini kwenye Kiswahili na Historia? Nimeona vijana waliomaliza miaka minne ya ualimu ndipo wakagundua somo moja lina C. Inauma mno.

Na mnisamehe, nina shaka kidogo. Ajira ya ualimu husubiriwa, wengine miaka mingi. Takwimu ina milango ambayo ualimu hauna. Simwambii abaki, bali nataka aingie ualimu akiwa anajua hayo. Akijua na bado anautaka, huyo tumpokee kwa mikono miwili.

Komredi_Njoro

Shikamoo baba. Niko mwaka wa tatu Egerton, hapo karibu nawe tu. Nilihamia hapa muhula wa kwanza ukiwa umeshaanza, kwa hiyo naomba nikueleze alichokisahau kila mtu. Niliwakuta wenzangu wameshapata marafiki, makundi ya kazi yameshagawanywa, na CAT mbili, ile mitihani midogo ya katikati ya muhula, zimepita. Mwezi mzima nilikula peke yangu. Kilichoniokoa ni kwamba kozi niliitaka, nikikaa na kitabu usiku nakielewa. Zamani nilikuwa mpweke na pia sielewi ninachosoma, na hayo mawili pamoja ndiyo yanayomvunja mtu.

Muulize swali hili: wangemhamishia hiyo Takwimu Maseno, angekwenda? Na wangempa ualimu hukohuko Pwani, angebaki? Mimi nilijiuliza hivyo nikapata jibu usiku uleule.

Fundi_Shabab (Nakuru)

Nimerudi, ndugu zangu. Mama Pacha, nilipiga simu jioni ileile niliposoma maneno yako. Nilifunga karakana mapema, nikakaa juu ya tangi, nikamuuliza siku yake inaanza vipi. Ilibidi niweke mkono mdomoni nisimkatize.

Anasema darasani anakaa nyuma, ananakili kila kilicho ubaoni, lakini akirudi chumbani hawezi kumweleza mtu ni nini alichoandika. CAT ya kwanza alipata 7 kwa 30, hakutaka nijue. Halafu sauti yake ikabadilika. Mlinzi wa ploti wanayoishi ana mtoto wa darasa la sita, na kila jioni saa kumi na mbili binti yangu anamfundisha insha kwenye ngazi. Sasa wanakuja watoto wanne. Aliniambia, "Baba, saa hiyo ndiyo pekee ninayoingoja."

Komredi, nilimuuliza maswali yako mawili. Takwimu Maseno, alisema haendi. Ualimu huko Pwani, alisema angebaki. Nami nilikuwa nimedhani kuna mvulana, au anaitaka Maseno kwa sababu shangazi yake anakaa Luanda, hapo jirani na chuo. Nilimdhania vibaya.

Mwalimu, Kiswahili ana A-, Historia B+. Na habari za kusubiri ajira anazijua, mwalimu wake wa fasihi alisubiri miaka sita.

Kesho anaingia ofisi ya msajili kuuliza kama kuna nafasi ya ualimu hapohapo. Ikikosekana, tunangoja dirisha la KUCCPS. Pointi ameziangalia, Maseno zinatosha. Darasani anaendelea kwenda. Nilimwambia pia afungue lile sanduku, akae kama mtu aliye kwake hata ikiwa ni kwa wiki tatu. Akasema fundo limemshinda, nikamwelekeza upande wa kuvuta.

Yule mama wa mboga nilimweleza leo asubuhi, kwa aibu. Aliendelea kukata sukuma wiki, akaniuliza tu, "Kwani ualimu si kusoma?"

Swali moja limebaki. Akihamia Maseno, akae kwa shangazi yake Luanda au nimtafutie chumba karibu na chuo?

MamaPacha_Kisumu

Asante kwa kumpigia, baba. Muhula wa kwanza akae kwa shangazi. Luanda na Maseno ni pua na mdomo, matatu hazikosekani barabara ile ya Busia. Lakini zungumza na shangazi mapema kuhusu kazi za nyumbani, maana mwanafunzi akifika saa moja usiku akute vyombo vya watu wanane, vitabu havitafunguka. Akishapata marafiki, atafute nao chumba. Mimi niko hapa Kisumu, akipita stendi aje anywe chai.