MJADALA: "Mwanamke Anayelia" wa Picasso, anawaheshimu wafiwa wa vita au anawadhihaki?

Fundi Rangi: Wadau, naleta mada. Aprili 26, 1937, Jumatatu, siku ya gulio, ndege za Ujerumani na Italia ziliuteketeza mji wa Guernica huko Hispania. Picasso, mchoraji Mhispania, akachora ile picha iitwayo Guernica, yenye upana wa karibu mita 8, kisha miezi iliyofuata akawa anamrudia mwanamke anayelia, kwa wino, kwa rangi, mara nyingi tu. Uso umekatwakatwa, jicho huku, jicho kule. Aliyefiwa vitani akioneshwa uso ule atajiona, au ataona anatukanwa? Mimi nasema anatukanwa. Uchungu wa mtu uchorwe ulivyo.

mama_Nuru: Mwanangu wa chekechea anachora hivyohivyo na hakuna anayemlipa. Mtu akishapata jina, hata akiborongaboronga tunaambiwa sisi ndio hatujui kuangalia.

Mwalimu K: Dada, iangalie vizuri ile ya rangi iliyoko London. Uso ni njano na kijani, lakini ukifika mdomoni rangi inakatika ghafla, panabaki nyeupe na buluu. Meno yameuma leso, na huwezi kusema leso inaishia wapi na vidole vinaanzia wapi. Mtoto wa chekechea hajui kwamba kilio kikimzidi mtu hutafuta kitu cha kung'ata. Aliyechora pale alikaa karibu na mtu anayelia.

mama_Nuru: Alikaa naye au alimliza yeye? Dora Maar, mpenzi wake ambaye uso wake ndio huo wa mwanamke anayelia, alikuwa mpiga picha mwenye jina lake, na ndiye aliyepiga picha za Guernica hatua kwa hatua ikichorwa. Leo ukimtaja, watu wanasema "yule wa kulia". Mwanaume anachora vita kwa uso wa mpenzi wake, tupige makofi?

Mwalimu K: Hilo la ndoa na mapenzi lina mada yake.

mama_Nuru: Nani kataja ndoa? Soma kwanza.

Mwana wa Kivu: Mie niko Bukavu, vita sikuisoma kitabuni. Fundi Rangi, unasema uchungu uchorwe ulivyo. Ushawahi kumuona mama anayeletewa maiti ya mtoto wake? Uso haubaki mahali pake. Mdomo unaenda upande, macho hayaangalii pamoja. Picha za kamera za vita yetu ziko tele, watu wanazipitisha kwa kidole wanaendelea na mambo yao. Ile michoro ya wino, machozi ni mistari migumu inachimba shavu, nilipoiona sikuweza kupita. Hapana, hakututukana.

Fundi Rangi: Pole sana ndugu yangu. Ila wewe unajua habari yake. Asiyejua je?

Baharia wa Zamani: Asiyejua? Februari 2003 Umoja wa Mataifa, New York, ilifunikwa kwa pazia nakala ya Guernica iliyofumwa kwa nyuzi, pale Colin Powell, waziri wa mambo ya nje wa Marekani, alipokwenda kutetea vita dhidi ya Iraki. Mchoro usiosema kitu haufunikwi.

Mjukuu wa Newala: Mnamsifu mwizi. Kuvunja uso vile kakuchukua Afrika. Babu zetu Wamakonde walichonga hivyo kabla hajazaliwa, na hakuna aliyewaita magwiji.

Mwalimu K: Kaka, tusichanganye. Vinyago ambavyo Picasso alivikuta kwenye makumbusho ya Trocadéro, Paris, mwaka 1907 havikuwa vya Wamakonde, vingi vilitoka Afrika Magharibi na Kati. Tena mapiko yenu, vile vinyago vya kuvaliwa ngomani, yana sura ya mtu kabisa, na chale na nywele za kweli. Vinyago vya Kimakonde vya mtindo wa shetani, vilivyopindwapindwa, vimekuja baadaye sana.

Mjukuu wa Newala: Mwalimu unanifundisha mapiko mimi? Kwetu lipiko likitoka uwanjani, watoto wanakimbia. Halafu unakaa na simu yako unanipangia lini kimechongwa nini! Kipo kinyago chetu kiliibwa Makumbusho ya Taifa, Dar es Salaam, 1984, kikaja kuonekana kwenye makumbusho Geneva, na kurudi mpaka 2010. Hilo halikuumi, linakuuma la Hispania.

Mwalimu K: Linaniuma sana. Nimesema tu Picasso hakukichukua yeye.

Fundi Rangi: Jamani, mada ni maumivu ya vita.

mama_Nuru: Na mimi sijajibiwa kuhusu Dora.

Mwana wa Kivu: Mjukuu, mie nakuelewa. Hata Kongo vinyago vyetu vimejaa Ulaya. Lakini kama sura ile ilitoka kwetu, basi sisi ndio wa kwanza kujua kwamba haidhihaki.

Mjukuu wa Newala: Sawa ndugu, ila nasubiri Mwalimu. Vile vya Trocadéro nani karudisha?

Mwalimu K: Ufaransa ilirudisha vitu 26 Benin mwaka 2021.

Mjukuu wa Newala: 26! Taja vilivyobaki.