Naomba ushauri: tukishuka bandari ya Civitavecchia, Italia, twende Roma kwa treni au kwa ziara inayoandaliwa na meli?

Shikamooni wakubwa, na wengine habari za leo. Mwezi ujao mimi na mama tunapanda meli ya kitalii Barcelona. Itapitia Marseille, Civitavecchia na Napoli. Napoli haina shida, bandari iko mjini kabisa, unashuka na kutembea. Kinachoniumiza kichwa ni Civitavecchia. Meli inafunga gati saa moja asubuhi, abiria wote tuwe ndani saa kumi na moja na nusu jioni, na Roma iko kama kilomita 80. Treni ni karibu saa nzima, na bado kuna basi la kutoka bandarini hadi stesheni.

Mama magoti yanamsumbua, lakini ameshaapa harudi Mombasa bila rozari ya Vatikani (na mkoba wa ngozi, ila huo anautaja kwa sauti ya chini).

Nimewauliza watu wa meli. Ziara yao bei imechangamka kweli, ila basi lao likichelewa meli inasubiri. Ukienda kivyako ukachelewa, inaondoka.

Mliowahi kufika: kwa mtu wa magoti, treni inawezekana au nilipe tu ziara? Na mkoba wa bei ya kawaida tuutafute Roma, au tusubiri Napoli?